Kitanda cha Karibu na Mvua

Mshona mapazia alijifanya amesinzia dirishani mwa basi, lakini masikio yake yalikuwa kiti cha mbele. Pale mama mmoja alikuwa akimweleza jirani yake wa safari, seremala mwenye penseli sikioni, kwamba chumba cha bintiye hakina hata pa kugeukia, hivyo anataka kitanda cha juu ili chini iingie meza ya kusomea. "Mwenyewe anataka alale karibu na bati, mvua imwimbie."

"Akiweweseka, dada yangu, utamfikia?"

"Ana miaka saba, fundi. Siku hizi haniiti."

"Nawe huendi?"

Mama akashusha sauti. Mshona mapazia, ambaye wanawe walishahama wote, akasahau kukoroma.

"Huwa napitisha mkono kichwani pake tu, akiwa amelala. Hajui."

"Basi, kitanda tukishushe."

"Na mvua yake?"

Basi likapunguza mwendo. Mama akasimama, akainua mkono, akafumba macho, vidole vikapapasa hewa taratibu kana kwamba kuna nywele. Seremala akachomoa futi yake, akapima kutoka sakafuni hadi kiganjani. Kabla hajasoma namba, mama akainuka kwa ncha za vidole vya miguu, kiganja kikapanda. Mlango ukafunguka.