Mlango wa Barabarani

Sogeeni, Joël na Arlène, mkae upande mmoja wa kitanda hiki, si mmoja huku na mwingine kule kama mawakili mahakamani, maana shingo yangu haina tena nguvu ya kugeukageuka kutafuta nani kanuna. Zima simu, Joël. Mtu wa Turffontein atangoja geti lake. Mimi baba yenu, Ezéchiel, mwalimu wa Kifaransa wa Butembo niliyezeekea ugenini, hapa Rosettenville, nina maneno ya kuwaachia, na nitayasema mara moja tu, kwa kuwa pumzi iliyobaki ni ya mara moja.

Najua mmeshangaa nilipoomba mnitoe chumbani mnilete huku ukumbini, kati ya mabenchi na ngoma zilizofunikwa vitenge, mahali ambapo Mreno aliyekuwa anaoka mikate aliondoka akatuachia harufu yake ukutani. Nilitaka niwe karibu na mlango ule. Utazameni wote wawili. Ule wa barabarani, wenye chuma cha Joël.

Nianze na mali, kwa sababu binadamu husikiliza vizuri zaidi akishajua anapata nini. Nyumba na ukumbi huu viko kwenye kiwanja kimoja na hati moja, na hati ina jina langu. Sababu mnaijua. Shirika letu, sisi Wakatoliki tuliotoka kwetu, lilipotaka mahali pa kusali kwa Kiswahili, kila mmoja alitoa alichoweza, wasusi, mafundi cherehani, walinzi, hata wale waliokuwa wanauza nyanya pale kwenye robot, taa za barabarani, lakini benki haikutaka kuona karatasi za ukimbizi, na mtu pekee mwenye kitambulisho cha nchi hii nilikuwa mimi. Wakaniandika. Tangu siku hiyo Jacques, kama mkubwa wa shirika, anaamini ukumbi ni wa shirika, Padri anaamini ni wa parokia, na ninyi wanangu, msinitazame hivyo, mnaamini ni wenu. Kila mmoja ana sababu, na mimi nimechoka na sababu. Kiwanja nawaachia ninyi wawili, jina la Joël na jina la Arlène kwenye karatasi moja, na hakuna atakayeuza, kufunga wala kugawa bila mkono wa mwenzake. Arlène, najua ulitaka ukumbi tumpe Askofu. Askofu hakuuomba, mama, na tukimpa leo itaonekana tunampa ili tumkomoe Jacques. Joël, najua ulitaka ukumbi uwe wa kamati ya shirika. Kamati ya leo ni Jacques, na ya kesho hatuijui.

Cherehani ya mama yenu Masika ni ya Arlène. Kamusi zangu ni za mjukuu wangu Hélène, hata kama atazitumia kuinua kiti cha piano. Koti langu jeusi mpeni Jacques. Ndiyo, Jacques. Amelitamani tangu harusi yako, Joël, na ingawa hajanisalimu tangu nilipokataa kumwandikia barua yake ya kumshtaki Padri kwa Askofu, sitaki kumzika moyoni kabla yeye hajanizika mchangani.

Sasa nataka mjue kwa nini nilikataa, maana mlidhani ni uzee.

Mnamjua Nyambura, Mkenya yule wa chuo kikuu anayekuja na maandazi, anayeniita Mzee na kuvua viatu mlangoni ingawa hapa hakuna anayevua. Anachunguza barua za Wakatoliki wa Amerika wa karne ya kumi na tisa, mapadri, maaskofu na waumini wa kawaida, na kwa kuwa nyingi zimeandikwa Kifaransa cha mkono mbaya, aliniomba nimsomee kwenye kompyuta yake. Nilikubali kwa ajili ya maandazi. Mwanzoni nilicheka peke yangu, mnanikumbuka nikicheka, kwa sababu nilifikiri nitakutana na watakatifu, nikakutana na watu wa Rosettenville. Wanagombania kengele. Wanagombania nani akae benchi la mbele. Wajerumani wanataka mahubiri ya Kijerumani, Askofu ni Mfaransa, padri anayeletwa ni wa Ireland, na kila mtu ameshika kalamu anamshtaki mwenzake, halafu chini anasaini kwa unyenyekevu mkubwa, mtoto wako mtiifu. Watiifu wote wale, wanangu, na hakuna aliyetii hata kidogo.

Kulikuwa na seremala mmoja katika mji mdogo kando ya mto, anaitwa Kessler. Alijenga kanisa la mbao kwa mikono yake, na wenzake, kwa kumwamini, wakaandika kiwanja kwa jina lake. Mnaona? Niliposoma hapo niliweka ile kompyuta ya mkononi juu ya meza nikaenda kunywa maji. Padri mgeni alipofika akabadilisha saa ya Misa ya Wajerumani, akaipeleka wakati ambao watu wako kazini, Kessler akasimama kanisani akamjibu mbele ya waumini, na jioni akachukua misumari yake na kuupigilia mlango alioutengeneza mwenyewe. Barua zake aliandikiwa na mwalimu wa shule, kwa Kifaransa, ili Askofu azielewe. Mwalimu, kama mimi.

Halafu mkewe akaugua.

Nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipokosa usingizi. Padri alituma neno kwamba atakuja kumpaka mgonjwa mafuta mara tu misumari itakapotolewa. Kessler akajibu kwamba misumari itatoka mara tu Padri atakapokuja. Hakuna aliyekataa! Kila mmoja alikubali kabisa, alichotaka ni mwenzake aanze. Wakamwandikia Askofu, kila mmoja barua yake, na nimezisoma zote mbili, nikazisoma tena, nikitafuta mwongo ni nani. Hakuna mwongo. Padri ana haki, anaeleza vizuri, hata anasikitika. Seremala ana haki, na mwalimu wake anajua kuandika. Jibu la Askofu lilipanda mashua, likapanda farasi, likafika mwanamke akiwa ameshazikwa bila padri, nyuma ya kanisa lililofungwa na mume wake.

Ndiyo maana Jacques alipokuja na kalamu nilimwambia, ndugu yangu, barua yako iliandikwa zamani sana na mtu aliyekuwa na hasira tamu kuliko yako, nenda kalale. Akaninunia. Bon. Anune.

Sasa tazameni mlango wetu. Padri alipoihamisha Misa ya Kiswahili ikawa Jumamosi mchana, alikosea, nasema wazi. Arlène mwenyewe anajua, Jumamosi mchana msusi gani ameketi? Jacques alisimama wakati wa matangazo akamwambia Padri maneno ambayo mtu hamwambii hata mwizi wa simu, naye pia alikosea. Na wewe, Joël, fundi wangu, mwanangu wa kwanza, ambaye nusu ya mitaa hii inalala salama nyuma ya vyuma vyako, ulikuja jioni ile na mashine yako ya kuunganishia vyuma, ukachukua chuma kizito kuliko vyote, na hukuweka hata kufuli. Uliziba kwa moto. Ulisema ufunguo utaleta mabishano. Tangu hapo watu wa shirika wanapita uani, kwa mlango wa jikoni, wanasali wenyewe bila padri na wanajisifu kwamba kwetu katekista anatosha.

Kwetu alitosha, ndiyo. Niliongoza ibada mwenyewe, milimani kule, padri alipokuwa mbali safari ya siku nyingi na barabara ina watu wenye bunduki. Tulikuwa tunasali huku tunalia kwa kuwa hayupo. Hapa padri anakaa mtaa wa pili, tunasikia kengele yake tukiwa mezani, na sisi tumegeuza lile jeraha la nyumbani likawa fahari. Jambo hilo linaniuma kuliko tumbo hili.

Nipe maji, mama. Kidogo tu. Inatosha.

Sasa ninakufa, na daktari hakunificha. Arlène alikwenda kwa Padri kumwomba aje anipake mafuta, akarudi na jibu: atakuja, lakini ataingia kwa mlango alioingilia siku zote, hatapita uani kama mtu wa kusoma mita ya umeme. Joël akasema: apite jikoni kama sisi sote. Mlidhani nimelala. Nilikuwa macho, na nilihisi nimeshakuwa yule mke wa Kessler, mwanamke ambaye katika barua zote zile hakuna hata mmoja aliyeandika jina lake. Wote walimwita mgonjwa tu.

Na tunagombania nini? Kiswahili. Juzi nilimwambia Hélène aniletee blanketi, akaelewa, akalileta, akanijibu kwa Kizulu, kwa upole kabisa, akaenda kucheza. Hata kwa Kessler ilikuwa hivyohivyo. Katika zile barua za mwisho, wajukuu wa wale Wajerumani wanamwandikia Askofu kwa Kiingereza, wanaomba pesa za kupaka rangi kanisa, na hakuna anayekumbuka misumari ilipigwa kwa ajili gani. Sisemi Kiswahili kiachwe. Nimesali kwa Kiswahili maisha yangu yote na ndicho nitakachofia. Nasema tu kwamba watoto watakipenda kama watasikia kinaimbwa, na hapa wanasikia kinatumika kugombana.

Nimechoka, wanangu. Nimechoka kusoma watu waliokufa wakiwa na haki.

Kwa hiyo haya ndiyo maagizo yangu, na si ombi. Joël, leo hii, kabla jua halijazama, utakata chuma kile. Si Jacques, si mtu wa kulipwa, wewe uliyekiunganisha. Fanya haraka, umeme unakatwa alasiri, wiki nzima hii wanatukatia. Usinitikisie kichwa. Najua utasema wezi. Waibe. Waibe mabenchi, waibe ngoma, tutapiga makofi. Najua pia utasema Padri atajiona ameshinda. Na ajione! Akifika nitamwambia mwenyewe kuhusu ile Jumamosi, nikiwa bado na ulimi, kwa Kiingereza, ili asisingizie hakuelewa. Lakini mtu mmoja lazima aanze, na nimekuchagua wewe kwa kuwa wewe ndiye ninayekupenda kwa shida zaidi, na Arlène anajua hilo na hanuni.

Na wewe, Arlène, usinitabasamie hivyo, hujashinda kitu. Chuma kikitoka, utamwomba kaka yako msamaha kwa kumwita mpagani mbele ya watoto wake. Mbele ya watoto haohao.

Nikiisha kufa, msinisafirishe. Butembo nilikuwa na watu, na wengi wao wameshatangulia. Nizikeni kando ya mama yenu Masika. Jeneza lipite mlango ule, si uani kati ya ndoo na kamba za nguo. Padri atangulie, Jacques afuate na koti langu, ngoma zipigwe, na Misa iwe ya Kiswahili, siku ambayo wasusi hawako kazini. Mrudishieni Nyambura kompyuta yake na mumwambie barua ya mwisho sikuimaliza, mwandiko ulinishinda, na anisamehe maandazi yote.

Haya. Joël. Bado umekaa.

Bado umekaa, baba.

Mimi sikuwahi kukupiga hata ulipokuwa mdogo, na leo mkono wenyewe hauinuki. Siwezi kukulazimisha. Naweza kulala hapa tu, nikutazame, na wewe unitazame.

...Voilà, umeinuka. Nenda. Vaa miwani yako ya kazi. Cheche zisifike kwenye vitenge.

Arlène, mama yangu, na wewe nenda. Usipige simu, nenda kwa miguu, vuka pale kwenye robot, umwambie Padri: Mwalimu anakuita, kwa mlango wako. Usimwambie zaidi. Niinamie kwanza, niweke mkono kichwani pako. Hivi. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe ulimi mpole na mikono isiyochoka, watoto wako wakuite kwa lugha yoyote, mradi wakuite. Kimbia sasa.

Joël, naisikia mashine. Endelea. Nakubariki hapohapo ulipo, mgongo wako unatosha, nimeubeba nikivuka mpaka, naujua. Mungu akupe... akupe kazi ya kufungua kuliko ya kufunga. Akupe mtu wa kuanza upatanisho kila utakapokosana, na asipopatikana, akupe moyo uwe wewe. Wewe na dada yako mle... mle sahani moja, angalau siku ya matanga.

Sauti yangu inakwenda. Inafika huko? Naona cheche. Nzuri, zile.

Mbona kimya?

Eish. Umeme. Wameukata mapema... Arlène hajarudi... Joël, usikae chini. Mwanangu. Chini ya altare kuna msumeno wa mkono, wa kukatia chuma, nilimtuma Hélène auweke jana, nilijua... wanatukatia kila siku...

Ndiyo. Huo.

Nausikia. Polepole, usijikate. Chuma chako ni kizuri sana, ndiyo maana kinakawia.

Kata, baba. Bado nipo.