Bi Uwezekano, Sauti ya Radi za Uwandani

Tarehe thelathini ya mwezi huu, mtabiri mkuu wa kituo cha hali ya hewa, huyu ambaye ninyi nyote mnamwita Bi Uwezekano, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Mimi ndiye niliyemzaa. Mkuu wa kituo alinipigia simu akaniomba niandike nusu ukurasa wa kuwekwa kwenye ratiba ya sherehe, kwa sababu wenzake walijaribu kuandika wakaishia kutaniana. Nusu ukurasa, kwa mtoto kama huyu? Niliishia darasa la saba, lakini ukurasa mzima naujaza na maneno yanabaki.

Tangu mdogo alikuwa na yake. Wenzake wakicheza kivulini, yeye alikuwa akibandika kiganja kwenye bati la jiko ajue joto limefika wapi. Anaungua, anatia vidole mdomoni, kesho yuko palepale. Nilimkaripia mpaka nikachoka. Alipokua wakampa kipimajoto na mshahara kwa kazi ileile, nikanyamaza.

Alianza chini kabisa. Alikuwa akifungua kile kisanduku cheupe cha mbao na kusoma joto, akipima maji ya mvua kwenye kikombe chenye mistari, akiachia puto lipande juu kutafuta habari za mawinguni. Baadaye akaenda masomoni, akarudi na cheti ambacho kipo ukutani kwangu, si kwake, na mgeni haketi kabla hajakiona. Ndipo wakamweka redioni. Tangu hapo sauti yake inaingia nyumbani kila jioni. Ninyi mnasikia utabiri. Mimi nasikia kama ana mafua, na kama amekula.

Uwanda wetu si wa kuchezea. Miezi ya joto unaamka na jasho, na adhuhuri hata mbwa anaona uvivu kubweka. Alasiri wingu linasimama upande mmoja kama ukuta, unatangulia upepo wa baridi, inafuata radi na mvua ya kuziba masikio, na jioni watu walewale waliokuwa wakijipepea wanagombania blanketi. Au wingu linasimama, linanguruma, linajiondokea bila kuacha hata tone. Ndiyo maana mwanangu hajawahi kusema redioni kwamba itanyesha. Husema kuna uwezekano: mdogo, wa wastani au mkubwa. Wenzake walimtania kwa jina hilo na likamganda. Mama mtu nimelipenda.

Naambiwa kituoni kuna msumari nyuma ya mlango, na juu yake hutundikwa sweta ya kijani. Nilimfumia mimi. Mwanzoni walimcheka, sweta ya nini katika joto lile. Siku hizi akinyoosha tu mkono kuelekea msumari, mhudumu wa chai anakimbia kufunga madirisha na dereva anaingiza gari bandani. Vyombo vyenu ni vizuri, sisemi, lakini hakuna hata kimoja kilichofumwa na mimi.

Hadithi ya magodoro mtaisikia kwa wengine, afadhali muipate kwangu. Msimu mmoja wa joto alisoma kwamba uwezekano wa mvua za radi ni mdogo. Asubuhi nilipita nyumba kwa nyumba nikiwaambia majirani kwamba mwanangu amesema mbingu ni nyeupe, watoe magodoro juani. Mtaa mzima ukatoa. Alasiri wingu likaja kwa mlango wa nyuma. Tulilala mikekani siku kadhaa, na majirani waliponisalimia walikuwa wakitazama miguu yangu. Nilimpigia simu nikamlaumu, naye akanijibu taratibu kwamba mdogo si sawa na hakuna. Wanasema kosa lilikuwa langu. Mimi mpaka leo nasema ni la wingu.

Jioni iliyofuata, mwisho wa utabiri, akaongeza maneno ambayo hayakuwamo kwenye karatasi yake: "Walioanika magodoro wakae karibu nayo."

Wasikilizaji waliyapenda. Mkuu wa wakati ule akaruhusu yaendelee, na mwanangu ameyasema kila msimu wa joto mpaka leo. Watu wanadhani ni maneno ya kituo. Ni maneno yangu. Nilikuwa nasemwa mimi.

Sasa niseme na hili. Miezi ya radi ndiyo miezi ambayo mtabiri hapewi ruhusa, na miezi ya baridi mlimpeleka kufundisha vituo vingine. Nyumba yangu iko upande wa pili wa uwanda. Alasiri nakaa mlangoni, nayaona mawingu yamesimama juu ya kituo chenu, umeme unamulika na ngurumo hainifikii, na najua mwanangu yuko chini yake. Kumsikia nimemsikia kila siku. Kumwona, mara moja moja. Baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa akiijibu redio: haya mama, tumesikia. Siku hizi naijibu peke yangu.

Nimepata habari kwamba mnataka kumwongezea mkataba abaki akiwafunza wapya. Siwalaumu, kitu kizuri kila mtu anakitaka. Lakini mmekaa naye miaka thelathini na minne, nami nina chumba chake, na dirisha lake linatazama uwanda wote. Wiki iliyopita nikamuuliza kwenye simu kama atarudi nyumbani. Nikasikia mwenzake akicheka nyuma yake. Kisha akasema, "Uwezekano mkubwa, mama."

Mliofanya naye kazi mnajua neno hilo halitoi ovyo. Akisema mkubwa, mimi naanua nguo kabla hajamaliza kusoma.

Wanangu wa kituo, nawashukuru kwa kumtunza, kwa chai mliyompelekea akiwa amesahau kula, na kwa kumheshimu mpaka amefika mwisho salama. Na wewe mwanangu, sote tunakuombea siku ndefu za ubaridi wa kiasi, na mvua zinazobisha hodi kabla ya kuingia. Redio nitaendelea kuifungua, nione kama huyo atakayesoma baada yako anajua kusoma.

Godoro lako nimelitoa juani leo asubuhi. Nimekaa karibu nalo.