Barua ya Bertille na Mchuzi wa Ndagala

Kijiwe cha kahawa cha Mama Générose kilikuwa karibu na kituo cha treni cha Kalemie, pale barabara inapoteremka kuelekea bandarini. Benchi lenyewe lilikuwa kiti cha behewa kuukuu la daraja la tatu, mbao tupu, na waliolikalia walikuwa walewale kila asubuhi. Kulikuwa na Papa Édouard, jina la benchi Firimbi, kondakta mstaafu wa treni, ambaye bado alipiga mluzi kila alipotaka wengine wanyamaze. Kulikuwa na Papa Cyrille, aliyeitwa Diplome kwa sababu ndicho kitu pekee alichokikosa katika masomo yake. Na kulikuwa na Pascal, mvuvi wa ndagala, wale samaki wadogo wanaovuliwa kwa taa usiku. Huyo hakuna aliyemwita Pascal, hata mke wake alimwita Lampe, yaani taa. Ulikuwa mwaka ule ambao serikali iliacha kukataza tai na majina ya ubatizo, tai zikarudi shingoni mwa wanaume na majina vinywani, na watu walikuwa wakivaa yote mawili kwa wasiwasi, kama viatu vipya ambavyo havijazoea mguu.

Asubuhi hiyo ncha ya benchi ilikaliwa na Bertille, mtoto wa dada yake Mama Générose. Alikuwa na karatasi ya kujaribia juu ya magoti, imejaa mistari iliyofutwa. Karatasi safi, ile pana ya kukunjwa ambayo watu waliiita papier ministre, ilikuwa ndani ya jalada la kadibodi, na jalada ndani ya mfuko wa plastiki, mbali kabisa na birika la kahawa. Ilikuwa moja tu, dukani zilikwisha. Kabla ya mchana Masœur Victorine, mtawa, angepita hapo na jipi ya misheni akienda kupanda ndege ya Lubumbashi, na alikuwa amekubali kuibeba barua kwa mkono wake mwenyewe.

Huko Lubumbashi kulikuwa na chuo kilichofundisha elimu ya lishe. Pointi za Bertille za shule kilikuwa kimekwisha kuziona. Kilichobaki ni ukurasa mmoja wa kueleza kwa nini anataka kusoma jambo hilo na si lingine. Ukurasa usipofika, nafasi angepewa mwingine, na baba yake alikuwa amekwisha kumtafutia darasa la kwanza la kufundisha kule Moba. Bertille hakuwachukia watoto wa darasa la kwanza. Ila kila alipowaza juu ya Moba, alishika tena kalamu.

Lampe ndiye aliyetaka kujua lishe yenyewe ni nini. Bertille akamweleza taratibu. Lampe akageuza kikombe mkononi.

— Kupika ugali kunafundishwa miaka mitatu? Bibi yangu alijifunza siku moja, na inaonekana.

— Haiko kupika, Papa Lampe. Ni kujua chakula kinafanya nini mu mwili ya muntu.

— Kinashibisha, Diplome alisema. Andika vile, ukurasa umekwisha.

Yeye Diplome alikuwa na shida nyingine. Alitaka kusikia barua inaanzaje. Bertille alikuwa ameandika kwa Kifaransa, akawatafsiria, na neno la kwanza tu likaleta ugomvi. Alikuwa ameweka Monsieur le Directeur, Bwana Mkurugenzi. Diplome alisema kwamba mkubwa wa chuo aliajiriwa akiitwa Citoyen, yaani mwananchi, kama serikali ilivyoamuru, amezeeka akiitwa Citoyen, na msichana akimwita Monsieur atadhani anachekwa. Firimbi akajibu kwamba ukimwita Citoyen mwaka huu atadhani hujapata habari. Waliliganda jambo hilo mpaka Mama Générose akawamiminia tena, na Bertille, ambaye hakuwa amelala vizuri kwa sababu ya neno hilohilo, aliandika Monsieur, akafuta, akaandika tena.

Kisha akawasomea sentensi iliyofuata. Tangu utoto wangu nimekuwa na hamu kubwa ya kuhudumia afya ya taifa.

Firimbi aliifurahia. Alisema inafanana na hotuba waliyomsomea siku anastaafu. Ndipo Bertille alipoanza kuona aibu, kwa sababu hotuba ile benchi lote liliijua kuwa ya uongo, na sentensi yake pia. Utotoni alitaka kuuza vitenge. Alikumbuka hata rangi ambazo angezipanga mbele.

Akarukia sehemu aliyoiamini, akawasomea hiyo. Wakati wa likizo alikuwa akisaidia katika kituo cha misheni ambako watoto wadhaifu hupimwa uzito na kupewa uji. Alikuwa ameandika alivyowaona watoto kutoka Zongwe, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa kwenye njia ya Moba, wamevimba miguu, nywele zimegeuka nyekundu, uso wa huzuni. Ugonjwa ule watu waliuita bwaki. Na chini yake ilifuata sababu: ukosefu wa chakula.

Hapo benchi likaamka kweli.

Diplome alisema sababu ni mihogo. Akina mama wa siku hizi wanailoweka mno, na vitamini zote zinakimbilia kwenye maji yanayomwagwa. Ukitaka kuona mtu mwenye afya Kalemie, mtazame bata anayekunywa kwenye mfereji. Firimbi alipiga mluzi wake akasema mihogo haina kosa, kosa ni la treni. Zamani treni ya Kabalo ilipolia tu, kila mama mjini aliweka sufuria motoni, na watoto walikula kwa wakati. Sasa inaingia inapotaka, basi na matumbo ya watoto yamepoteza ratiba.

— Zongwe hawasikii treni, Lampe alimwambia. Hata ilipokuwa inalia, hawakuisikia.

— Ndo ujue sasa, Firimbi alisema. Wao walivimba wa kwanza.

Lampe aliona wote wawili hawajui lolote la ziwani. Kwa maoni yake ndagala ndio wenye hatia. Ndagala anaifuata taa, anameza mwanga usiku kucha, na mtoto anapomla, mwanga ule hauna pa kutokea isipokuwa kichwani.

— Kwa nini nywele inakuwa nyekundu? Ni moto ya taa ile.

— Basi wavuvi wote kichwa chao kingewaka, Diplome alisema.

— Unafikiri navaa kofia kwa baridi?

Bertille alicheka pamoja nao, lakini mkono wake haukuacha kuandika pembeni mwa karatasi: mihogo, maji yanayomwagwa, saa ya kula. Hilo la mihogo hasa lilimsumbua. Lilikuwa la kijinga, na bado asingeweza kulikana kwa uhakika.

Kwa muda mwanamke mmoja alikuwa amesimama upande wa birika, ana mtoto mchanga mgongoni na msichana mdogo mkononi, anakunywa kahawa yake kidogo kidogo kama mtu asiyetaka iishe. Alikuwa anasubiri mtumbwi wa mota wa kuteremka kusini; mwenye mtumbwi alikuwa hajapata abiria wa kutosha. Bertille alimtambua msichana kabla ya mama. Alikuwa Marthe, aliyefika kituo cha misheni hawezi kusimama, na sasa anachimba ardhi kwa kidole cha mguu. Jina la mama yake, Virginie, alilikumbuka baadaye.

— Dada, mwanamke akasema, Zongwe ile umesoma, ni Zongwe yetu?

— Ndiyo, mama.

— Na umeandika kule hakuna chakula.

— Nimeandika ukosefu.

— Weye ulifika?

Bertille alisema hapana. Sauti ilitoka ndogo kuliko alivyokusudia.

Mama Virginie hakumgombeza. Alisogea karibu, akaweka kikombe kwenye ukingo wa benchi, akasimulia kama mtu anayeitafutia njia kamba iliyojifunga. Kule Zongwe ndagala wanaanikwa mpaka mlangoni mwa nyumba. Mtoto akitoka nje anawakanyaga. Marthe alipoacha kunyonya kwa sababu ya mdogo wake, alipewa ugali na mchuzi wa ndagala kila siku. Samaki mwenyewe alikuwa wa baba na wa wageni, ndiyo desturi, na mama mkwe alisema mtoto hapungukiwi kitu kwa kuwa nguvu yote inaingia kwenye mchuzi. Mama mkwe naye alilelewa hivyo.

— Mutoto hakulala njaa hata siku moja. Alivimba akiwa ameshiba. Ku kituo walimupa uji ya maziwa, akapona, namushukuru Mungu. Lakini Zongwe ng'ombe haiko. Huyu wa mugongo ataacha kunyonya karibuni. Sasa nauliza tu. Samaki akichemka, nguvu yake inaenda mu muchuzi, ao inabakia mu samaki?

Lampe alijibu haraka kuliko wote.

— Iko mu muchuzi. Wazee wetu hawakuwa wajinga. Miye nilikunywa muchuzi, na tazama mikono hii.

Firimbi akamuunga mkono. Diplome naye alisema kwamba kwa upande wa sayansi kitu kikichemka kinaachia, mfano mzuri ni kahawa: nguvu iko kikombeni, na machicha ya chini yanatupwa.

— Basi kwa nini alivimba? Mama Virginie akauliza.

Firimbi alikunja midomo apige mluzi, lakini haukutoka. Diplome alisema labda inategemea moto, kisha akasema labda inategemea sufuria. Lampe alimtazama Marthe, akatazama mikono yake, ile iliyokuwa imevuta ndagala wa miaka yote.

Wakamgeukia Bertille. Yeye ndiye aliyekuwa na shule.

Bertille alikuwa na neno moja, protini. Alilijua tangu madarasa ya biolojia, limepigwa mstari mwekundu, pamoja na orodha ya vyakula vyenye nayo, na samaki alikuwa kwenye orodha. Lakini mwalimu hakusema samaki yupi, aliyechemshwa au mkavu, wala hakuna ukurasa uliotaja mchuzi. Ule woga wake wa siku zote ulimpanda, woga wa kuitwa mbele bila jibu. Kisha, badala ya kumfunga mdomo, ukamfungua. Akaanza kuuliza yeye. Ndagala walikuwa wabichi au wakavu? Wanachemka kwa muda gani? Chumvi inatiwa kabla au baadaye? Mtoto alipata hata vichwa? Mama Virginie alijibu yote, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye alipita mikononi mwa watu wengi wenye makoti meupe bila hata mmoja kumuuliza jinsi anavyopika.

— Sijui, mama, Bertille akasema mwishowe. Sijui kama nguvu inahama ao inabakia. Na kwa kuwa sijui, mupe vyote viwili. Muchuzi, na samaki mwenyewe. Umuponde vizuri, utoe miiba.

— Samaki ya papa yake?

— Ya papa yake.

Mama Virginie alifikiri kidogo, akaifunga upya mbeleko ya mgongoni.

— Sawa. Papa yake nitaongea naye miye. Na siku utakayojua, utume habari Zongwe.

Kutoka bandarini mtu alimwita, abiria wametosha. Akamshika Marthe mkono wakateremka, na Bertille akawafuata kwa macho mpaka kwenye kona. Halafu akafungua mfuko, akafungua jalada, akatoa ile papier ministre. Karatasi ya kujaribia aliikalia.

Diplome alipoona anachoandika, alishika kichwa. Alisema barua ya mkubwa haiwezi kuanza na sufuria ya ndagala. Firimbi aliona kosa kubwa zaidi lilikuwa kwenye mstari wa pili.

— Umeandika hujui, mutoto yangu. Mwenye kuomba nafasi anaonyesha anajua.

— Kama najua, Papa Édouard, naenda kusoma nini?

Wakampa nafasi ya kiwiko. Bertille aliandika kwamba mama mmoja wa Zongwe alimuuliza swali, akaliweka lilivyo. Aliandika desturi ya samaki wa baba na mchuzi wa mtoto. Aliandika kwamba alikuwa amedhani sababu ni ukosefu wa chakula, kabla ya kumuuliza mtu yeyote wa huko. Aliyaandika hata maji ya mihogo ya Diplome, kwa kuwa hilo nalo angependa kulipima. Juu ya afya ya taifa hakuandika neno. Mwishoni aliomba afundishwe namna ya kupata jibu, kwa sababu kuna mtoto mmoja ambaye karibuni ataanza kula, na baada yake wengine.

Jipi ilipiga honi alipokuwa anatia sahihi. Masœur Victorine alinyoosha mkono dirishani, akaona wino bado mbichi, akaipokea barua kwa ncha za vidole, akaishikilia hivyo nje ya dirisha, ikipepea, gari likiondoka. Bertille alisimama katikati ya barabara mpaka vumbi likatua. Akarudi kukaa. Mwanafunzi gani, alijiuliza, anapeleka ukurasa mzima wa kutojua kwake mpaka Lubumbashi? Na bado tayari alikuwa anawaza atapata wapi ndagala wa kuchemsha jioni ile, na mtu wa kumuuliza.

Lampe akamgeukia Mama Générose.

— Sasa kama watoto watakula samaki, sisi akina papa tutakula nini?

Mama Générose alilitikisa birika karibu na sikio, akaona limekwisha.

— Muchuzi, alisema. Si mumesema wenyewe nguvu iko mule?