Koti la Kipepeo Linaloingia Mfukoni

Benchi letu liko nje ya karakana ya baiskeli, chini ya bati lililochomoza kiasi cha kufunika magoti na kuacha vidole vya miguu vinyeshewe. Ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matairi ya lori. Kitasa chake bado kipo, na mgeni hukikalia mara moja tu. Mwenye karakana tunamwita Spoku, kwa kazi yake na kwa wembamba wake, na birika la kahawa linalochemka pale mlangoni ni lake. Mzee Redio ni mlinzi mstaafu, habari zote za dunia anazo, ila ukimuuliza kazitoa wapi anabadilisha stesheni. Mimi nashona nguo chumba cha pili, wananiita Sindano. Halafu kuna Breki, anayepeleka dawa majumbani kwa baiskeli kutoka duka la dawa la pale kona. Jina alilipata kwa sababu baiskeli yake unaisikia ikifunga breki kabla hujaiona. Ulikuwa msimu wa joto, ule wa mvua za ghafla: jua linakuchoma utosini, unageuka kidogo, umelowa mpaka soksi.

Asubuhi moja Breki alikuja amenuna, akaegemeza baiskeli ukutani, hata salamu hakutoa.

— Amepita? akauliza.

— Nani? Spoku akajibu bila kuinua kichwa.

— Huyo bwana harusi wenu wa rangi ya chungwa.

Tukajua ni Kipepeo, mpeleka dawa mwenzake wa duka lile lile. Hawa wawili waliajiriwa siku moja, wakala pamoja, wakacheka pamoja, wakanyeshewa pamoja. Wote walikuwa na yale makoti mazito ya mpira, ambayo ukiyavaa jotoni unatoka jasho mpaka aliyenyeshewa anakuonea huruma. Ikinyesha, wote walikuwa wakikimbilia kwenye bati letu. Mpaka siku Kipepeo alipotokea na koti jipya la mvua la rangi ya chungwa, jepesi kama karatasi ya kufungia maua, linalokunjwa na kusukumwa ndani ya mfuko wake lenyewe likabaki kama ngumi ya mtoto. Tangu hapo mvua ikianza, Breki anakimbilia kwetu, na Kipepeo anapita mbele ya benchi akipiga kengele. Haikupita muda mwenye duka akampa Kipepeo njia ya mlimani, ambayo ilikuwa ya Breki. Dawa zinafika, alisema, mvua au jua.

— Baiskeli yake iko ndani, nambadilishia spoku mbili za gurudumu, akasema Spoku. Mwenyewe ameondoka kwa miguu, ana kifurushi cha mtaa wa nyuma. Kaa unywe kahawa.

Breki akakaa, lakini shingo ilibaki imegeukia ndani.

— Lile si koti, akasema. Lile ni mfuko wa mkate wenye mikono.

— Mbona halowi? nikamuuliza.

— Nani kakwambia halowi? Umemshika? Mtu anapita mbio, anatabasamu, nyinyi mnasema mkavu! Anatabasamu huku maji yanamtiririka mgongoni.

Mzee Redio akakohoa, na Redio akikohoa jua taarifa inakuja.

— Kitambaa kile nakijua, akasema. Ni miavuli ya wanajeshi. Ile ya kurukia kutoka kwenye ndege. Ikichakaa wanaikata, wanashona makoti.

— Umeona? Breki akadakia. Mitumba ya jeshi!

— Subiri, sijamaliza. Kwa hiyo upepo ukikolea, koti linajaa hewa. Mtu anaweza kunyanyuka na baiskeli yake.

— Pale kwenye mteremko wa mlimani, akasema Breki, na macho yakamng'aa kidogo. Pale upepo ni mkali.

— Usimwombee mwenzako mabaya, Spoku akamwambia.

— Simwombei. Nasikiliza tu.

Spoku akamimina kahawa. Yeye ni mtu wa vyuma, maneno yake machache.

— Tatizo la koti jepesi si mvua, akasema. Ni joto. Ukipanda mlima unavuja jasho. Koti lisipotoa hewa, unalowa kutokea ndani. Ndicho kitu cha kwanza cha kuangalia.

— Basi lake halitoi hewa! Breki akasema.

— Sijui. Sijaliangalia.

— Mimi najua, akasema Redio. Yale yanatoa hewa kama samaki. Yana matundu yasiyoonekana kwa macho. Yanakunywa jasho lako. Yakimaliza jasho yanaanza kunywa mafuta ya mwili. Hamwoni Kipepeo amepungua?

— Amepungua kwa sababu anapanda mlima, nikasema.

— Mlima wangu! Breki akasema kwa nguvu, kahawa ikamruka mkononi.

Akajifuta kwenye suruali, akaendelea kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa siri.

— Na nyinyi hamjajiuliza nani kampa. Mimi na yeye kazi moja, mshahara mmoja. Koti lile si la mtu wa mshahara wetu. Kuna mtu kampa. Mwanamke.

— Mkewe ni mwanamke, nikamkumbusha.

— Si mkewe. Mkewe hana macho ya kuchagua rangi ile. Ni mwenye duka. Fikirieni! Kamnunulia koti kwa siri, ili apite mvuani nionekane mimi mvivu. Leo ananinyang'anya njia, kesho ananinyang'anya kazi. Koti lile limeletwa kunifukuzisha mimi!

— Hapo sasa umefika, akasema Redio kwa heshima, kama fundi anayesifu kazi ya fundi mwenzake.

Breki akasimama. Kabla hatujauliza anakwenda wapi, alikuwa ameingia karakana, na akatoka na ule mfuko mdogo wa rangi ya chungwa uliokuwa umefungwa chini ya kiti cha baiskeli ya Kipepeo.

— Rudisha, Spoku akasema. Mali ya mteja hiyo.

— Siibi, naangalia. Hakuna sheria ya kuangalia. Dada Sindano, wewe ndiye mwenye macho ya nguo. Hebu litafutie kasoro.

Akalitoa mfukoni likakunjuka mapajani mwangu, jingi, jepesi, halina sauti ya nailoni ile ya kukwaruza. Nami nakiri nilitaka kuliona tangu siku ya kwanza. Nikaligeuza ndani nje. Kila mshono ulikuwa umefunikwa kwa utepe mwembamba ulioganda, maji yasipate tundu la sindano. Kwapani kulikuwa na nafasi za kupitisha hewa zenye zipu zake ndogo. Nyuma lilikuwa refu kuliko mbele, lifunike makalio yasirukiwe na tope la tairi. Kofia yake ilikuwa ndogo, ya kukaa chini ya helmeti, isimzibe mtu macho anapogeuka kuangalia gari.

— Haya, kasoro? Breki akauliza.

— Sijaiona.

— Tafuta vizuri.

— Breki, hili ni koti zuri. Aliyelichagua alijua anachagua nini.

Ningemwambia lina tundu, angefurahi siku nzima. Alilichukua mikononi mwangu, akalinyoosha mbele yake, akalitazama kama mtu anayetazama picha ya harusi ambayo hakualikwa. Halafu akatumbukiza mkono mmoja.

— Wewe! Spoku akasema.

— Nalipima. Nione kama lina hewa.

Kipepeo ni mwembamba. Breki kifua kimejaa, na mkewe humpikia kwa moyo. Mabega yaliingia kwa taabu, akavuta zipu kutoka chini akiwa amebana pumzi. Ilipofika shingoni ikauma kola ya shati lake ikakwama hapo hapo. Akaivuta chini, ikagoma. Juu, ikagoma. Akabaki amesimama katikati ya benchi na barabara, rangi ya chungwa mwili mzima, mikono imekaa mbali na mwili kama nguo kwenye kamba.

Redio alicheka mpaka akashika kitasa.

— Dada, nitoe, Breki akaniambia, na sauti yake haikuwa na mzaha.

Nikashika zipu. Nikajaribu kuirudisha taratibu, kidogo kidogo, lakini kitambaa cha shati kilikuwa kimeingia ndani kabisa ya meno.

— Nikivuta kwa nguvu litachanika, nikasema. Nikate kola ya shati?

— Shati la sare hili. Usikate. Na koti usilichane, tafadhali. Atasema nimelichana kwa wivu.

— Kwani si wivu? Redio akamuuliza.

Nilidhani atamrukia. Hakumrukia. Nilikuwa karibu naye, nikiwa nimeshika ile zipu chini ya kidevu chake.

— Mlimani kuna bibi, akasema. Nyumba yenye ngazi za kijani. Nampelekea dawa za presha tangu nianze kazi. Nikifika ananiambia, mwanangu, ingia, kaa, upumue kwanza. Tangu tumzike mama, hakuna mtu anayeniita hivyo. Sasa mwenye gereji wa kule juu kaniambia, bibi siku hizi anamwita Kipepeo mwanangu. Anamwambia akae. Kwenye kile kiti nilichokuwa nakikalia mimi.

Spoku aliokota bisibisi akaifuta, ingawa haikuwa chafu.

Ndipo mvua ikaja. Haikuanza kwa matone, ilimwagwa. Na katikati yake tukamwona Kipepeo anakimbia kutoka mtaa wa nyuma, shati limemganda mgongoni, mkoba wa dawa ameukumbatia kifuani. Aliingia chini ya bati akihema, akajipangusa uso, akamwona Breki.

Alimtazama kuanzia shingoni mpaka chini. Breki alitazama barabara.

— Limekubana, akasema Kipepeo.

— Zipu imekwama, nikamweleza haraka. Alikuwa analijaribu tu.

— Naona.

— Nitakulipa likiharibika, Breki akasema huku bado anatazama barabara. Na usinicheke. Najua utakwenda kumsimulia yule bibi yako.

— Bibi yangu yupi?

— Anayekuita mwanangu.

Kipepeo akakamua ncha ya shati lake. Nilidhani atakasirika, kwa sababu koti lake jipya lilikuwa limetanuka mabegani kama ngoma. Lakini alikuwa anafikiri.

— Yule anamwita mwanangu hata msoma mita, akasema. Anamwita mwanangu paka. Halafu kila siku, kila siku ya Mungu, kabla sijashusha mkoba, ananiuliza: yule mwenzako, yule anayekuja na makelele, tumemkosea nini hapa? Mimi nimechoka kumjibu. Nilimwambia una homa. Akanipa limau nikuletee. Limau lenyewe nililinywea chai, kwa sababu wewe wiki zote hizi ukiniona unageuza uso.

Breki akageuka. Kwa kuwa shingo ilikuwa imebanwa, aligeuka mwili mzima.

— Aliniulizia?

— Dawa zake hizi hapa, akasema Kipepeo, akafungua mkoba akatoa kifurushi. Zinatakiwa leo, na mwenye duka hataki kusikia habari za mvua. Koti liko mwilini mwako, na halitoki. Sasa unataka nifanye nini, nikupande mgongoni? Nenda wewe.

— Njia si yangu.

— Nitasema na mwenye duka. Mimi mlima ule umenimaliza magoti, na hata sikuuomba. Nipe vifurushi vyako vya huku bondeni. Na hilo koti lako la mpira.

Niliona bado kuna kitu kinamkereketa Breki, maana wivu wa wiki nyingi hauondoki kwa sentensi mbili. Kisha akapokea kifurushi, akakiingiza tumboni ndani ya koti kupitia chini, akaenda kwenye baiskeli yake akafungua koti la mpira kwenye keria ya nyuma, akampa mwenzake pamoja na vifurushi vya bondeni.

Kipepeo akalivaa. Lilimfika magotini, lakini kwa urefu wake na mabega yake yaliyonyooka, alionekana kama nahodha wa meli. Hata Redio alitikisa kichwa kwa kukubali.

Breki akamwangalia juu mpaka chini.

— Ona, akaninong'oneza. Hata hilo linamkaa.

— Nenda, Breki.

Alikwenda. Alipanda baiskeli akiwa amebanwa kama soseji, matone yakigonga mgongoni mwake na kuteleza bila kuingia, ule mkia mrefu wa nyuma ukimkinga tope, na pale kona tulisikia breki zake zikilia halafu akapinda kuelekea mlimani. Kipepeo akakaza mikanda ya koti la mpira, akachukua baiskeli yake kwa Spoku, akashika njia ya bondeni.

Tukabaki watatu, tukitazama mvua.

Mara mwanamke mmoja akaingia chini ya bati akisukuma baiskeli, kapu la mbele limejaa vitabu alivyovifunika kwa kanga. Hatukuwa tumemwona hapa kabla. Akakaa, akaruka, akasogea mbali na kitasa. Spoku akampa kitambaa safi ajifute.

— Samahani, akasema. Nimepishana na kaka mmoja pale kona, mnene kidogo, amevaa koti la mvua la rangi ya chungwa. Nimemwona anapanda ule mlima kama hanyeshewi. Nimelitafuta koti la namna ile msimu mzima. Mnamfahamu?

— Tunamfahamu sana, akasema Redio. Na koti tunalifahamu. Nikwambie kitambaa chake…

— Hapana, baba, kitambaa si neno. Nataka kujua kitu kimoja tu. Limenunuliwa wapi?

Redio alifungua mdomo. Akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Spoku, na Spoku akatazama kule bondeni alikopotelea Kipepeo, ambaye alikuwa amepita mbele ya benchi hili kila siku ya mvua, akipunguza mwendo, akipiga kengele, nasi hatukumuuliza hata siku moja.

Yule mama akasubiri, kitambaa mkononi, akitutazama mmoja mmoja.

Spoku akainama akainua birika, akalitikisa karibu na sikio.

— Kahawa imekwisha, akasema.