Asubuhi Ile Laini Ilikuwa na Watu

Kaeni tu, msinipigie makofi bado. Mama mwenyekiti ameniita hapa kanisani Endarasha nishuhudie juu ya kusamehe. Mmeimba vizuri, mmenipa kiti cha mbele, na chai nimekunywa. Asanteni. Lakini nawaambia mapema, ndugu zangu, sikupanda huku kuwafurahisha. Kuna watu wawili humu ndani waliosikia sauti yangu asubuhi moja, miaka kumi na miwili iliyopita, wakaona afadhali waendelee kuongea juu ya ndama. Sitawataja. Lakini mmoja ameanza kuangalia sakafu, kwa hivyo labda na nyinyi mtamjua.

Niliolewa hapa nikitoka Wamagana. Bwana yangu alikuwa dereva wa trakta ya shamba lile wananchi walinunua kwa mzungu baada ya uhuru. Wote mlimpenda. Alikuwa wa kwanza kwa harambee, na kama gari la mtu limekwama kwa matope, yeye ndiye alikuja kulivuta. Mikono hiyo hiyo ndiyo ilikuwa ikinipiga. Wazee wanajua. Majirani wanajua. Ukuta wa mbao hauzuii kitu.

Simu ilikuwa kwa ofisi ya shamba. Redio ilikuwa ikitangaza ukiwa na shida piga tisa tisa tisa. Tisa gani? Simu yetu haikuwa hata na namba. Ilikuwa ile ya kuzungusha chuma pembeni mpaka mtu wa posta aitike mjini, halafu unamwambia unataka nani. Na laini ilikuwa moja tu kwa watu wengi: ofisi, duka, shule, dip ya kuogeshea ng'ombe, na shamba moja kubwa huko chini. Ukiinua mkonga wa simu unakuta wengine wanaongea, na wao wanakusikia.

Mara ya kwanza nilipiga simu mdomo ukiwa umepasuka. Polisi walikuja na Landrova. Mume wangu akawakaribisha, akawapa viti. Wakaniuliza, "Mama, ni nini?" Nikasema nilianguka kwa ngazi. Nyumba yetu haikuwa na ngazi hata moja. Waliangalia, wakaangaliana, wakaenda.

Mara ya pili ilikuwa mkono. Walipofika nikasema sikupiga simu, labda ni mtu mwingine. Koplo alikasirika sana. "Mama, usicheze na serikali. Siku ingine tutakushika wewe."

Najua mnachosema, kwa sababu mlikisema kisimani mpaka kikanifikia. Ati huyo mwanamke ni mwongo. Ndiyo, nilidanganya. Lakini hakuna hata mmoja aliyeniuliza mume wangu alikuwa amesimama wapi wakati nikijibu. Alikuwa nyuma yangu, mkono wake juu ya kichwa cha mtoto wetu. Alikuwa akimpapasa nywele polepole, hivi. Nani kati yenu angesema ukweli?

Sasa sikieni ile ya tatu.

Ilikuwa mwezi wa saba, baridi ile yetu ya ukungu. Saa nne asubuhi mume wangu alirudi kunywa chai. Kuni zilikuwa mbichi, chai haikuwa tayari. Kwa moto kulikuwa na sufuria ya uji tu, ikichemka. Msichana wangu, wa miaka minne, alikuwa ameketi karibu na mafiga akiota moto. Baba yake akapiga ile sufuria teke.

Sitawaeleza vile alilia.

Yeye aliangalia, akafuta kiatu chake, akarudi kwa trakta. Mimi nikamwagia mtoto maji baridi, nikamfunga na shuka, nikakimbia naye mpaka ofisini. Karani alipomwona mtoto alisimama, akanipisha. Nikainua mkonga. Kulikuwa na watu.

"...hiyo ndama ni ya gredi, mbegu ya kizungu, siwezi kukupa hivyo hivyo," mwanaume alikuwa akisema.

"Naomba laini," nikasema. "Mtoto ameungua. Nataka polisi, nataka ambulensi."

"Huyo ni nani?"

Nikajitaja.

"Aai! Wewe tena?" Huyo alikuwa mwanamke. Alicheka. "Ngoja kidogo mama, tumalize."

"Mtoto ameungua! Kwani hamumsikii?"

"Umezoea kutusumbua," mwanaume akasema. "Kesho utasema alianguka kwa ngazi."

Wakaendelea. Ndugu zangu, wakaendelea! Waliongea juu ya ile ndama, wakaongea juu ya mvua ya mawe, wakaagana, halafu wakakumbuka jambo lingine kama watu wamesimama kwa mlango. Karani alichukua mkonga akapiga kelele mpaka shingo ikavimba. Mimi nilikuwa nimekaa chini nikipulizia mtoto tumbo, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya.

Laini ilipopatikana, mtu wa posta akanipa kituo cha polisi.

"Ni bwana yako tena?"

"Ndiyo, afande. Amechoma mtoto."

"Hayo ni mambo ya nyumba. Na gari haina mafuta. Piga hospitali."

Nikapiga hospitali. Ambulensi ilikuwa imetoka. "Mlete," sauti ikasema.

"Nimlete na nini?"

"Mama, si mimi nilimchoma."

Hayo maneno nimelala nayo miaka. Si mimi nilimchoma. Ni kweli. Hakuna aliyemchoma mtoto wangu isipokuwa mtu mmoja, na ninyi wengine wote mlikuwa safi.

Aliyetusaidia hakuwa wa kanisa hili wala wa kanisa lolote. Alikuwa Mwislamu, mfanyabiashara wa kondoo kutoka Nanyuki. Alikuwa amesimamisha pikapu yake nje ya ofisi, imejaa kondoo aliokuwa amenunua siku hiyo. Alisikia mtoto, akaingia, akamwangalia mara moja tu. Hakuuliza mimi ni nani, hakuuliza mume wangu ni nani. Alitoka akafungua pikapu nyuma, akateremsha wale kondoo wote barabarani ili gari iwe nyepesi. Wakatawanyika kwa ukungu.

Nikamwambia, "Baba, mali yako."

"Kondoo watapatikana. Panda mbele, mama."

Mpaka Nyeri aliniuliza kitu kimoja tu: jina la mtoto. Halafu akawa analitaja njia yote, akimwambia asilale.

Jioni mume wangu alifika wodini. Hakuja peke yake. Alikuja na wazee watatu, na mmoja wao alikuwa wa kanisa hili, sasa amelala kaburini, sitamsema. Walinizunguka. Mume wangu akaniambia kwa sauti ya chini, "Sufuria iliteleza. Umesikia?" Na mzee akaongeza, "Nyumba hujengwa na mwanamke."

Sista, muuguzi wa wodi, akaja na karatasi na kalamu. "Mama, ilikuwaje?"

"Sufuria iliteleza," mume wangu akajibu.

"Nimeuliza mama," sista akasema. Halafu akafanya kitu kidogo sana. Aligeuza kiti changu, nikampa mume wangu mgongo, mbele yangu kukawa na mtoto peke yake, amefungwa bandeji mpaka kifuani.

Nilijua nikisema, sina nyumba ya kurudi. Nilikuwa nimedanganya mara mbili na uongo ulikuwa umezoea njia.

Nikasema, "Baba yake aliipiga teke. Andika hivyo. Na hii alama ya mdomo, andika. Na mkono, andika."

Sista aliandika yote. Daktari akapiga simu polisi. Na mwajua, ile gari iliyokosa mafuta asubuhi ilifika kabla hajamaliza kuvua glavu.

Mume wangu alishikwa, akawekwa ndani. Halafu mkaja. Msijifanye mmesahau. Mlikuja watu saba pale hospitalini, mkaniletea ndizi, mkanisihi niondoe kesi, ati nimeharibu jina la shamba. Hakuna hata mmoja aliyeinua ile shuka akaona tumbo la mtoto. Ndizi niliwapa wagonjwa wengine, kesi sikuiondoa, naye akafungwa.

Mtoto alipotoka, tulipanga chumba Majengo, pale pale Nyeri, karibu na msikiti. Nikashona yunifomu za shule. Chakula tulipata. Lakini mimi ndani nilikuwa nimeoza, na hiyo ndiyo sehemu ninaona aibu kuisema. Niliwachukia watu wote. Mama wa huku Endarasha akija kushonesha, nilimrushia kitambaa chake barabarani. Nilijiambia hakuna aliyenisikia, kwa hivyo na mimi sina deni la kumsikia mtu.

Basi Jumapili moja mchana, upande wa pili wa ukuta, mwanamke akaanza kupiga nduru. Nilijua kile kilio. Nilikijua kuliko jina langu. Na mimi, ndugu zangu, nilikanyaga cherehani kwa nguvu zaidi ili nisisikie.

Nilishona pindo zima hivyo. Msichana wangu, wakati huo ana miaka minane, akaja akasimama mbele yangu. "Mama, kwani hausikii?"

Mguu ukasimama wenyewe. Hakuwa amenilaumu, alikuwa anauliza kweli. Na mimi nikajiona nimeshika ule mkonga, nikiongea juu ya ndama.

Nilitoka. Nikawaita akina mama wa ploti, wapangaji wenzangu, wakatoka watano. Tukagonga ule mlango na miiko na viatu mpaka ukafunguliwa, tukamtoa. Mimi nikaenda kwa simu ya barabarani. Hiyo sasa ilikuwa na namba tisa. Afande alipoanza, "Hayo ni mambo ya nyumba," nikamwambia jina langu lote, nikamwuliza lake, nikamwambia sitaweka simu chini mpaka nione gari. Wengine walikuwa foleni nyuma yangu na hakuna aliyenisukuma. Gari ilikuja. Ilichelewa, lakini ilikuja.

Tangu siku hiyo nilianza kulala.

Namshukuru yule mzee wa kondoo. Nilimtafuta Nanyuki miaka mitatu mpaka nikampata, nikamshonea kanzu. Namshukuru sista aliyegeuza kiti. Namshukuru karani, aliyepoteza sauti kwa ajili ya mtoto asiyekuwa wake. Na wale akina mama watano wa Majengo, ambao hawakuniuliza kama nina hakika.

Somo langu ni hili. Mtu akiwaita mara mbili na mkakuta amekana, mkimbie zaidi mara ya tatu. Mkifika, msimwulize mbele ya yule anayemwogopa. Na mkiwa kwa laini na mtu aombe, wekeni simu chini kwanza. Kama alikuwa anacheza, mmepoteza nini? Mazungumzo ya ndama.

Mama mwenyekiti, ulitaka niseme nimesamehe. Binti yangu alikataa kuja leo, na sikumlazimisha, tumbo ni lake. Mimi nitasema yangu tu. Mmoja wa wale wawili alinishika mkono hapo mlangoni, akaniambia, "Tulifikiri ni mchezo wenu wa kila siku." Nikamjibu, "Ungenyamaza kidogo ungesikia mtoto." Akaanza kulia. Sikumbembeleza. Lakini mkono wake sikuuachilia, tuliingia hivyo mpaka kwa kiti.

Hapo ndipo nimefika. Kama mnaona bado sijafika mbali, niombeeni, lakini msinisukume.