Keria ya Mzee Taratibu

Kijiwe chetu ni benchi mbele ya kinyozi, lenye miguu mitatu mizima na wa nne tofali. Anayekaa upande wa tofali haruhusiwi kucheka sana. Mimi wananiita Chumvi, kwa wivu tu, maana maneno yangu ni ya kweli, ila huwa nayapika kabla ya kuyapakua. Asubuhi hiyo tulikuwa wanne na chupa moja ya kahawa: mimi, Kinyozi mwenye benchi, Mchomeaji, fundi vyuma wa karakana ya jirani, na Mzee Taratibu, aliyeendesha gari la maiti mpaka akastaafu, na hadi leo hathubutu kuipita baiskeli. Gari lake dogo lilikuwa pale pale, na nyuma lina chuma cha kuvutia tela. Mchomeaji kamletea keria mbili za kuchomeka kwenye chuma hicho, achague moja, kesho abebe pikipiki ya binti yake, ile ya mashindano ya matope. Ya kwanza ni reli ndefu: pikipiki nzima inapanda juu na kusimama imekingama nyuma ya bampa. Ya pili ni kiatu cha chuma kinachokamata gurudumu la mbele tu. La nyuma linabaki chini, linabiringika.

— Reli, nikasema. Haina mjadala. Mimi nishabeba fahali kwenye keria ya baiskeli. Tena kupanda mlima.

— Alikuwa hai? akauliza Kinyozi.

— Ndiye aliyekuwa anapiga kengele.

— Chumvi, kunywa kahawa, akasema Mchomeaji. Kuvuta ni kitu kimoja na kubeba ni kingine. Hicho chuma kinavuta tela la matofali bila kulalamika. Lakini ukining'iniza mzigo juu yake, gari zima linaukalia mkia.

— Mzigo gani? Kinyozi akadakia. Pikipiki ni ya binti, si yetu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio kanda la usufi. Kisayansi, haina uzito.

— Sayansi ya wapi hiyo?

— Ya hapa. Halafu gari likikimbia, upepo unaingia chini ya pikipiki na kuinyanyua. Ndege inarukaje?

— Kwa mwendo wa Taratibu? nikasema. Labda nzi waisaidie.

— Hicho kiatu ndicho sikitaki, Kinyozi akaendelea. Gurudumu linajitembeza lenyewe nyuma ya gari! Si mnajua, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

— Mnyororo unautoa, gurudumu linakuwa huru, akasema Mchomeaji. Kuna ubaya gani?

— Na kwa nini binti asiiendeshe tu mpaka huko?

— Barabarani? Haina taa, haina namba, haina hata honi.

Mzee Taratibu alikuwa anazungusha kikombe tu, kama anatafuta stesheni ya redio.

— Juzi alikuwa chumba cha pili anapiga simu, akasema hatimaye. Mjomba wake aliyekuwa anambebea kahamia mbali. Kampigia mwenye lori la mchanga. Kampigia mwalimu wake wa zamani. Kampigia mpaka muuza magodoro. Mimi nipo sebuleni, ufunguo wa gari mfukoni. Hakuniuliza.

Wote tulijua. Mama mtu ndiye aliyekuwa akienda na binti kwenye mashindano, kila mara, na kofia yake ya ukili. Taratibu hakuwahi kwenda hata siku moja. Alikuwa anabaki nyumbani kuosha gari lililokwisha kuwa safi. Na sasa mama mtu tulishamzika.

— Na wewe si ungemwambia, bwana, akasema Mchomeaji kwa sauti ya chini.

— Nimwambie nini? Siku alipoinunua nilimwambia mengi. Nikamwambia, nimewabeba wengi walioanza na pikipiki kama hiyo.

Kinyozi akamshika bega.

— Usijali, kaka. Wale si wanaruka juu na pikipiki zao? Basi, aliye juu mngoje chini.

— Ndiko sijawahi kumngoja, ndugu yangu.

Mchomeaji akainuka, akachomeka reli nyuma ya gari. Tuijaribu, akasema. Pikipiki hatuna hapa, ila miili tunayo. Nikakaa mimi na kikombe changu, akakaa Kinyozi na chupa ya kahawa. Kitako cha gari kikashuka, pua ikapanda, taa za mbele zikawa zinawatazama kunguru. Tumening'inia hivyo, miguu hewani, ndipo binti akatokea kwenye kona, kofia ngumu kwapani.

— Shikamooni. Hili gari linaondoka au linaruka?

— Marahaba, mwanangu, tukajibu kutoka kule mkiani.

— Tunachagua keria, akasema Taratibu. Ya pikipiki yako. Kesho.

Binti akaigusa reli. Akakigusa kiatu pale chini kwa ncha ya raba.

— Haianguki hiyo, mwanangu, akasema Kinyozi. Tutaifunga mikanda, kamba, na mimi naongeza mataulo.

— Mimi fahali wangu nilimfunga kwa uzi wa kushonea, nikasema, akafika anasinzia.

— Pikipiki haitaanguka, nimesikia, akasema binti. Na mimi nikianguka, baba? Utaweza kuangalia?

Kijiwe kile kina jibu la kila kitu, hata la maswali ambayo hayajaulizwa. Siku hiyo Kinyozi aliinamisha chupa ya kahawa, ikatoa tone moja, basi.

Taratibu akatushusha, mimi na Kinyozi tukarudi benchini. Akaichomoa reli mwenyewe, akapiga magoti nyuma ya bampa na kile kiatu.

— Nachukua hiki. Mbele nishike mimi, nyuma ijitembelee.

— Hujanijibu, baba.

— Nitafumba jicho moja.

— Lipi?

— Lile la kazini.

Binti akacheka. Akacheka huku anajitupa kwenye benchi katikati yetu, na hakuna aliyewahi kumwonya kuhusu upande wa tofali. Tofali likateleza. Tukaenda chini wote watatu, mimi, Kinyozi na yeye, miguu juu.

Mzee Taratibu, asiyeweza kuipita baiskeli, sikuona alivyofika. Alikuwa ameshamshika binti yake mkono, macho yote mawili wazi, kabla kikombe changu hakijagusa ardhi. Na hili sikulitia chumvi.