Alama ya Kumi na Mbili

KAKA: Haloo? Ni nani? Sikusikii vizuri—

MDOGO: Mimi, kaka. Mdogo wako. Mko salama huko kwenye boti?

KAKA: Aa, msomi wetu! Salama, tumelowa tu kama vifaranga. Ramani uliyotutengenezea kwenye simu imetuokoa kweli. Nyumba zote zilizoomba msaada tumezimaliza.

MDOGO: Zote? Kwa hiyo shangazi mnaye?

KAKA: Shangazi? [mkwaruzo] Shangazi si alihama kabla mafuriko hayajaingia?

MDOGO: Hakuhama. Alinipigia saa mbili asubuhi, amepanda juu ya meza. Alama yake niliiweka mimi mwenyewe.

KAKA: Haipo. Alama nyekundu zilikuwa kumi na moja, na zote—

MDOGO: Kumi na mbili, kaka.

KAKA: Kumi na moja. Nimezihesabu na nahodha, mara mbili.

MDOGO: Hebu sogeza ramani kwa kidole. Ivute kulia kidogo.

KAKA: Mikono yote matope... ngoja. Ee. Ipo. Imebanwa ukingoni kabisa, chini ya vile vitufe vya kukuza.

MDOGO: Mungu wangu.

KAKA: Sasa imejifichaje?

MDOGO: Niliiambia ramani ijibane ionyeshe alama zote, sikuiachia nafasi pembeni. Kwenye kompyuta yangu zilionekana zote. Simu yako nyembamba... Ni mstari mmoja tu wa programu, kaka. Nilisema nitauongeza baadaye.

KAKA: Usilie. Tumefunga boti darajani, mtaa wake unaonekana toka hapa.

MDOGO: Unaiona nyumba?

KAKA: Naiona nguzo ya umeme ya pale kona.

MDOGO: Na nyumba?

KAKA: Naona maji, mdogo wangu.

MDOGO: Paa je? Lile bati la bluu—

KAKA: Nahodha anafungua kamba. Tunaenda.

MDOGO: Nimeshaongeza nafasi. Fungua upya. Unaiona sasa bila kuvuta?

KAKA: Naiona. Kumi na mbili.

MDOGO: Mkimfikia niambie, niibadilishe iwe ya kijani kama zile nyingine. Kaka? Salio linaisha—

KAKA: Baba yuko hapo karibu?

MDOGO: Yuko sebuleni, ananiuliza kila saa habari za dada yake. Kwa nini?

KAKA: Nenda ukakae naye.

MDOGO: Niiache nyekundu, basi? Kaka? Niiache—